Bahari ni moja: kwa nini mwamba wa Chumbe uko hai na wetu umechoka?

#1 Mwalimu_Wesha
Assalaam alaykum wana jukwaa. Nina jambo limenikaa kifuani tangu wiki iliyopita, wenye kujua nisaidieni.

Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Pemba, mzaliwa wa Wesha. Kisiwani Misali nimekwenda na marehemu baba tangu sijang'oka meno ya utoto. Sasa wiki iliyopita nilikuwa Unguja, skuli anayosomesha shemegi yangu ikapeleka wanafunzi kisiwa cha Chumbe, nikafuatana nao. Nikavaa miwani, nikatia uso majini. Wallahi nilinyamaza. Matumbawe yamepandana, mengine mapana kama sinia la biriani, mengine kama pembe za paa. Pono wanatafuna mwamba mpaka unasikia mlio wa meno yao. Chewa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza kajilalia chini ya jiwe, hana habari na mtu.

Nimerudi kwetu, Jumapili nikaenda kwenye mwamba niliojifunzia kuogelea. Nusu ni kifusi. Vijiti vya matumbawe vimevunjika, vimeota majani juu, na samaki niliowaona hawazidi urefu wa kidole. Chumbe iko kilomita kama 12 kutoka Mjini Unguja, penye bandari, meli na taka za watu wote wale. Kwetu hata kiwanda hakuna. Bahari ni moja, jua ni moja. Kwa nini kule kumebaki na huku kumechoka? Niliwauliza wanafunzi wangu, kila mmoja akaja na lake.

#2 NahodhaMkokotoni
Waalaykum salaam mwalimu. Jibu ni fupi. Kule havui mtu. Serikali imefunga tangu 1998. Shamba usilolivuna litajaa.

#3 Mzamiaji_Kendwa
Nahodha, nakusahihisha kidogo kwa heshima. Mwamba wa Chumbe ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, hiyo 1998 ndipo wageni walipoanza kulala kisiwani. Na aliyelianzisha jambo ni mama wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Serikali ikaikabidhi kampuni yake ulinzi wa mwamba na msitu. Walinzi wakachukuliwa wavuvi. Hawana bunduki. Akiingia mtu na ngalawa wanamfuata, wanasalimiana, wanamweleza kwa nini pale hapavuliwi.

Lakini kuna kitu watu wanakisahau. Upande wa magharibi wa kile kisiwa hata kabla ya hifadhi haukuvuliwa sana, kwa sababu ndipo inapopita njia ya meli za Dar es Salaam na vyombo vidogo havikuruhusiwa kukaa kati. Kwa hiyo Chumbe haikufufuliwa, mwalimu. Ilikutwa nzima ikalindwa. Mwamba wako wewe umeshavunjika, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

#4 Mtumbatu_Mkweli
Mnazungumza kama kwamba nyavu ndizo zinazochemsha maji. Mmesahau 1998? El Niño ilipokuja, kaskazi ile maji yalikuwa ya moto hadi kina cha kifua. Mwamba ukawa mweupe kama chokaa, baadaye ukaota majani. Pemba ilipigwa vibaya, Misali ikiwemo. Mvuvi gani aliyefanya hayo?

#5 Mwalimu_Wesha
Mtumbatu umenikumbusha. Nilikuwa kijana. Baba alisimama kwenye dau akatazama chini, akasema, "Bahari imetoka mvi." Sikumwelewa mpaka nilipozama mwenyewe.

Na uchungu ni huu: Misali ilitangazwa hifadhi mwezi wa Mei mwaka uleule wa 1998. Wavuvi wamekaa, wamekubaliana, wameunda jumuiya yao, upande wa magharibi wa kisiwa umewekwa usivuliwe kabisa, na chini ya maji matumbawe tayari yanakufa kwa joto.

#6 Mwanafunzi_wa_Bahari
Naomba niingie hapo, maana nimesomea mambo haya na kila nikisikia "mwamba mweupe umekufa" roho inaniuma.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake wanaishi viumbe vya jamii ya mwani, vidogo huvioni kwa macho, ndivyo vinavyompikia chakula kwa mwanga wa jua na ndivyo vinavyompa rangi. Maji yakizidi joto lake la kawaida la kaskazi kwa kiasi cha digrii moja, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, tumbawe linavitoa nje. Unachokiona cheupe ni mfupa ndani ya nyama iliyo wazi kama kioo. Bado li hai, lina njaa. Maji yakipoa mapema viumbe vile vinarudi na rangi inarudi. Yakichelewa kupoa ndipo linakufa, na majani yanashika mfupa.

Sasa Chumbe nako kulipauka, mwaka 2016, na 2024 bahari yetu ilipata joto tena pamoja na dunia nzima. Kwa hiyo Mtumbatu una haki, joto halichagui hifadhi. Ila swali la mwalimu linabaki palepale: baada ya homa, kwa nini mmoja anainuka na mwingine hainuki?

Mimi naamini ni samaki. Pono wanakwangua majani juu ya mfupa, na hapo ndipo kichanga cha tumbawe kinapopata mahali pa kushika. Vikande nao wanakula wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba kama sindano, ambao wakizidi wanautafuna mwamba wenyewe. Ukivua pono na vikande wote, umemnyima mgonjwa uji.

#7 Fundi_wa_Madema
Mwanangu Mwanafunzi, nimekusoma vizuri. Mimi nasuka madema, mitego ya samaki, tangu ujana wangu, na pono kwangu ni samaki wa kila siku. Nimeyasoma haya nikafunga simu nikakaa kimya kidogo.

Lakini dema halivunji mwamba kama anayelitega anajua. Unalishusha mchangani pembeni mwa jiwe, unalitilia chambo, unaondoka. Aliyeua mwamba ni juya, ule wavu wa kukokota, na kigumi. Kigumi wanazungusha wavu kwenye jiwe, kisha watu wanashuka na miti wanapiga matumbawe ili samaki watoke. Jiwe lililoota tangu babu zetu wanalimaliza asubuhi moja. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010 tunayo, kamati za shehia tunazo, na juya ninaliona kila bamvua, maji yakijaa na kutoka sana.

#8 DauLaKojani
Mzee wangu Fundi, shikamoo. Usitutazame sisi wa Kojani kila juya likitajwa. Tunatembea dago, tukipiga kambi za uvuvi pwani nzima, kila tunapofika tunaambiwa sisi ndio wageni waharibifu. Lakini nauliza: anayefunga mwamba wake, anajua mwenzake ataenda kuvua wapi? Samaki hana pasipoti, na mvuvi aliyefukuzwa hapa ataweka tanga aende kwa jirani. Inawezekana mwamba wa mwalimu umechoka kwa sababu miamba mingine imefungwa.

#9 Fundi_wa_Madema
Marahaba kijana wangu. Sikukutaja wewe. Hilo la mwisho ulilolisema ni zito, sina jawabu nalo.

#10 BintiPanza
Salaam zenu nyote. Naona wanaume wamejaa, hebu niwape habari ya wanawake wa Kisiwa Panza.

Sisi tunachokoa pweza kwa miguu, maji yakitoka. Mama yangu alikuwa anarudi na pweza wengi, mimi nikaja kurudi na kapu jepesi, na pweza wenyewe kama kiganja. Ukafanywa mkutano, tukafundishwa namna ya kufunga sehemu ya mwamba miezi mitatu. Wenzetu wa Mwambao, shirika linalosaidia jamii za pwani, walitusimamia, na wakatueleza Madagaska walianza mwaka 2004 kule Andavadoaka. Wengi tulikataa. Miezi mitatu watoto watakula nini? Tukaelezwa kuwa hafungwi mwamba wote, ni kipande tu, na pweza anakua upesi kuliko samaki yeyote tunayemjua. Maisha yake ni kama mwaka mmoja na kitu. Jike akishataga anakaa pangoni kulinda mayai, hali kitu, na yakianguliwa anakufa. Kwa hiyo ukimtoa pangoni anaatamia umechukua mmoja na maelfu.

Siku ya kufungua nilishika pweza nikashindwa kumtoa peke yangu, ikabidi shoga yangu anishikie mguu mmoja wa pweza na mimi niushike mwingine. Sijaona vile tangu utoto wangu.

Nitakachosema kwa mwalimu ni hiki. Tulipoacha kukanyaga na kuchokoa kile kipande miezi mitatu, si pweza tu waliorudi. Niliona vitumbawe vidogo kama vifungo vya kanzu vimesalimika kwenye mawe. Nyinyi mnahesabu joto na nyavu. Nyayo zetu na vijiti vyetu havijatajwa na mtu.

#11 NahodhaMkokotoni
Dada BintiPanza, pweza wa kuvutwa na watu wawili! Tuambie basi mlimpikaje.

#12 BintiPanza
Nilimpigapiga kwenye jiwe mpaka akalegea, nikamchemsha kwa maji yake mwenyewe, kisha tui zito, ndimu na bizari. Wali wa nazi pembeni. Ukija Panza siku ya kufungua utakula, kaka.

#13 Kijana_Malindi
Mapishi yasitutoe njiani ingawa nimeona njaa.

Dada, mimi nimehudhuria ufunguzi sehemu nyingine na sikufurahi. Saa moja asubuhi walikuja vijana wa miwani na bunduki za kupigia samaki, hata si wa kijiji kile. Wakazama kwenye kina, wakatoa pweza wakubwa wote. Kina mama waliofunga mwamba na kuvumilia wakabaki na wadogo wa maji ya magotini. Nani amefaidi hapo?

#14 BintiPanza
Hilo lipo na linaumiza. Kwetu siku ya kufungua huwekwa bamvua kubwa, maji yatoke sana, ili mwanamke afike kwa miguu panapofika mzamiaji. Na kamati inasimama inatazama wanaoingia. Lakini mwizi wa usiku hatujamweza. Wiki mbili kabla ya kufungua ndipo anapokuja, anajua pweza wameshakua. Walinzi wetu ni waume zetu na ndugu zetu, wanalinda bila malipo, na asubuhi wanatakiwa shambani.

#15 Mzamiaji_Kendwa
Na hapo ndipo ninapoona tofauti ya Chumbe na kila mahali pengine. Mlinzi wa Chumbe analipwa mshahara kila mwezi kwa pesa za wageni. Nyumba za wageni ni 7 tu. Maji ni ya mvua, yanakingwa kwenye paa na kuhifadhiwa chini ya nyumba. Umeme wa jua, choo hakitumii maji. Usiku mgeni anatembea na tochi, hakuna taa za nje, kwa ajili ya kaa wakubwa wa minazi. Kuzamia na mitungi hakuruhusiwi hata ulipe kiasi gani, ni miwani na mrija tu. Wageni wachache wanaolipa vizuri wanabeba walinzi na safari za wanafunzi kama wale wa mwalimu.

#16 Kijana_Malindi
Sawa, lakini Mzanzibari wa kawaida atalala pale lini? Na mwaka 2020 wageni walipokatika dunia nzima, nani angemlipa mlinzi? Mwamba unaotegemea ndege itue uwanjani una mashaka yake.

#17 Boti_Matemwe
Mimi naendesha boti ya watalii kisiwa cha Mnemba, nimeusoma uzi wote kimya.

Kama utalii peke yake ungekuwa dawa, Mnemba ingekuwa pepo. Ni eneo la hifadhi tangu 2002, mgeni analipa kuingia. Njoo asubuhi ya Agosti uone boti zilivyobanana. Mgeni hajui kuogelea, akiogopa anasimama, na anaposimama ni juu ya tumbawe. Tumbawe lile pana unaloliona kama meza, Mwalimu, likivunjwa na pezi la mtu mmoja halirudi kesho wala mwaka ujao. Nanga nayo ni hivyohivyo. Maboya ya kufungia yapo lakini hayatoshi siku za wageni wengi, na anayechelewa anatupa nanga.

Tajiri mmoja niliyemfanyia kazi alitaka safari mbili asubuhi moja. Nikamwambia sina muda wa kuwafundisha wageni kabla hawajaingia majini, akaniambia wageni hawakuja kusoma. Niliacha kazi ile. Siku hizi kila mgeni wangu anapewa dakika kumi na jaketi la kuelea kabla hajagusa maji, na asiyejua kuogelea anashika boya langu, simwachi. Napata safari moja, lakini nalala usingizi.

#18 Mwanafunzi_wa_Bahari
Kaka Boti, Mungu akuongeze. Wewe unalinda kuliko mabango.

#19 Mpemba_wa_Mbali
Niko mbali na nyumbani, nimesoma mpaka nikasikia harufu ya chumvi. Hakuna aliyetaja imani. Misali jina lake linatokana na msala. Wazee walisema Nabii Khidhri alifika pale, akataka msala wa kusalia, haukupatikana, akasema kisiwa hiki ndicho msala wangu. Na kisiwa kimeelekea kibla. Tulipokuwa wadogo ukitupa taka Misali unaambiwa, "Utachafuaje msala?"

#20 Kijana_Malindi
Si ndicho kisiwa wanachosema maharamia wamezika hazina? Yule Kapteni Kidd?

#21 Mpemba_wa_Mbali
Hayo ya hazina wanaambiwa wageni. Sisi tuliambiwa ya msala.

Na hata hifadhi ilipoanza, kilichowagusa wavuvi wengi hakikuwa karatasi za wizara. Masheikh walisimama wakasema mwanadamu ni khalifa katika ardhi, amekabidhiwa amana, na anayeivunja amana ataulizwa. Mzee aliyekuwa hataki kusikia habari ya matumbawe alisikia hiyo.

#22 Mtumbatu_Mkweli
Napenda maneno yako ndugu yangu, lakini kwa nini basi mwamba wa mwalimu umechoka, na Pemba ndiyo yenye misikiti na masheikh? Na Chumbe yenye wageni imebaki?

#23 Mpemba_wa_Mbali
Kwa sababu imani haimshibishi mtoto aliyelala na njaa, Mtumbatu. Mvuvi wa kigumi anajua anachofanya. Nimekulia nyumba moja nao. Anaomba toba Ijumaa na Jumamosi anarudi, kwa sababu wavu amekopeshwa na tajiri wa samaki na deni linamsubiri pwani.

#24 Fundi_wa_Madema
Hapo umesema kweli tupu. Deni la wavu.

#25 NahodhaMkokotoni
Mimi nimebadilika kidogo tangu nilipoandika #2, lakini nina jingine. Mbona hakuna aliyetaja vile viti vya pweza vyenye miiba, wanyama wa bahari wenye mikono mingi kama nyota? Vikija vingi vinakula matumbawe hai usiku na mchana. Kwetu vijana walivikata vipande vipande wakavirudisha baharini.

#26 Mwanafunzi_wa_Bahari
Nahodha, waambie waache haraka! Kipande kinaweza kupona kikawa kiti kingine, na kukikata kunaweza kumwaga mayai majini. Avitoe mzima mzima kwa kijiti au koleo ndefu, asishike kwa mkono maana miiba ina sumu, avipeleke nchi kavu avizike. Chumbe walinzi wanavitoa hivyohivyo.

Na kuhusu Pemba, niongeze sababu nyingine juu ya rundo. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na Unguja imekaa kwenye maji mafupi yaliyounganika na bara. Maji ya kina yanaweza kupoza baadhi ya miamba ya Pemba wakati wa joto. Kwa hesabu hiyo Pemba ingekuwa na nafasi nzuri kuliko Chumbe. Lakini mwamba wa ndani ya ghuba, karibu na mdomo wa mto na mikoko, haupati maji yale. Mwalimu, mwamba wako uko nje au ndani?

#27 Mwalimu_Wesha
Ndani. Na zamani ulikuwa unaona chini hata ukiwa na maji ya mita tano. Siku hizi mvua za masika zikinyesha maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Huko juu mashamba mengi yamekatwa miti. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka ulipouliza.

Nawashukuru wote. Jana nilikaa na sheha na wavuvi watano baada ya Isha, nikawasomea uzi huu kwenye simu, hasa ya BintiPanza. Wawili wanataka tufunge kipande kidogo miezi mitatu kama Panza. Mmoja amesema tukifunga sisi, juya la shehia ya pili litafurahi. Mmoja anataka kwanza wazuiwe wanaokata mikoko. Wa tano, mzee kuliko wote, aliuliza nani atakaa usiku na kwa mafuta ya nani. Hatukumaliza.

#28 BintiPanza
Mwalimu, kabla hamjafunga waiteni wanawake. Kama mkutano ulikuwa baada ya Isha na wavuvi watano wote wanaume, anayechokoa pweza hamjamuuliza. Mimi niko tayari kuja Wesha na wenzangu wawili, tutajilipia boti.

#29 Mwalimu_Wesha
Umenisuta kwa haki, dada yangu. Njooni. Mke wangu ndiye atakayewaalika kina mama, na mkutano utakuwa asubuhi.

#30 Boti_Matemwe
Nina swali moja kwa Mzamiaji. Chumbe upande wa magharibi umefungwa, mashariki watu wanavua. Joto ni lilelile, taka za Mjini ni zilezile. Mtu akizama pande zote mbili siku moja, si tutajua kama ni uvuvi au ni kitu kingine?

#31 Mzamiaji_Kendwa
Pande mbili za kisiwa hazifanani kwa mkondo wala kwa kina, kwa hiyo Mtumbatu atapata la kubisha.

#32 Mtumbatu_Mkweli
Nitabisha, na ningependa kuwemo.

#33 Mzamiaji_Kendwa
Basi njoo. Maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, ni wiki ijayo. Magharibi tutaomba ruhusa kwa walinzi, mashariki nina rafiki mwenye ngalawa. Mwanafunzi, wewe utupe namna ya kuhesabu, tusije kila mmoja na chake.

#34 Mwanafunzi_wa_Bahari
Leteni kamba ya mita 50 yenye fundo kila mita. Chini ya kila fundo andikeni kilichopo: tumbawe hai, mfupa wenye majani, kifusi au mchanga. Pono na vikande wahesabiwe na mtu mmoja tu, yuleyule pande zote mbili. Na mwalimu afanye hivyohivyo kwenye mwamba wake na wanafunzi wa darasa la juu, siku za maji mafu hizohizo.

#35 Mwalimu_Wesha
Kamba ninayo, ni ya dau la baba. Leo jioni wanafunzi wanapiga mafundo.